Uliza Ujibiwe: Kampala Inaishia Wapi, na Sisi wa Pembeni ni wa Nani?

Wasomaji wetu, mwezi huu barua nyingi zimezunguka jambo moja. Mtu anaishi Kyengera, mwingine Nansana, mwingine Kireka, kila siku anaenda kazi mjini na kurudi, lakini siku akitaka barabara itengenezwe ama takataka iondolewe hajui agonge mlango upi. Tumechukua maswali ya aina hiyo tu, tukayajibu kwa urefu pale panapohitaji.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi naishi Kyengera na miaka yote najiita mtu wa Kampala, hata huko kwetu Kasese wakinipigia simu wanauliza habari za Kampala. Juzi nimefuata karatasi fulani ofisi ya jiji wakaniambia mama wewe si wa hapa, wewe ni wa Wakiso. Sasa Kampala inaishia wapi? (Mama wa watatu, Kyengera)

JIBU: Mama, walikuambia ukweli, uko Wakiso kabisa. Kyengera ni taun kaunsili ya wilaya ya Wakiso, ukitoka mjini kwa barabara ya Masaka ukishaipita Busega basi jiji umeliacha nyuma, hata kama maduka na nyumba zimefuatana bila nafasi na macho hayaoni mpaka wowote.

Kampala yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kilomita za mraba kama 189 tu, na Wakiso imeizunguka pande zote za nchi kavu kama ute wa yai unavyozunguka kiini. Wakiso ina karibu kilomita za mraba 2,800 ukihesabu na maji ya ziwa, ukiyatoa maji inabaki kama 1,900. Ndio maana hakuna barabara kubwa ya kutoka Kampala ambayo haipiti Wakiso kwanza. Ya Bombo inakupitisha Kawanda na Matugga, ya Hoima Nansana mpaka Kakiri, ya Mityana Bulenga na Buloba, ya Masaka ni hapo kwako na Nsangi, ya Entebbe ni Zana, Lubowa na Kajjansi, ya Gayaza inapita Kasangati, na ya Jinja ni Kireka na Bweyogerere kabla hujaingia Mukono. Kote huko ni Wakiso, mama, kote.

Na watu wako huko sasa. Sensa ya 2002 ilikuta Wakiso watu kama laki tisa, ya 2014 ikakuta karibu milioni 2, na ya 2024 imekuta zaidi ya milioni 3.4, ndio wilaya yenye watu wengi kuliko zote Uganda. Kampala yenyewe sensa hiyo hiyo ya 2024 ilipata karibu milioni 1.8. Yaani wanaolala pembeni ni karibu mara mbili ya wanaolala jijini, alafu asubuhi wote wanaingia kwa barabara zile zile chache, ndio hiyo jamu unayoiona Busega. Mimi hii namba huwa naitaja kila nikipata nafasi, manake pesa na mipango na maneno ya viongozi bado vinaongea kama Kampala ndio yenye watu na Wakiso ni shamba la ndizi.

Kuna mtego mmoja wa majina niuseme hapa hapa. Makindye ziko mbili. Makindye ya jiji ni moja ya divisheni tano za Kampala, zingine ni Central, Kawempe, Nakawa na Rubaga. Alafu kuna Makindye-Ssabagabo, hiyo ni manispaa ya Wakiso, ndio yenye Ndejje, Masajja na Bunamwaya. Watu wengi wanapoteza siku nzima kwa ajili ya hii kitu. Ukitaka kujua uko wapi usiulize konda wa taksi, angalia risiti ya leseni ya duka lolote la jirani, kama imeandikwa KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, uko jiji, kama imeandikwa manispaa ama taun kaunsili uko Wakiso.

SWALI: Kwenye redio za Kiswahili nasikia Tanzania wana mkoa, Kenya wana kaunti. Sisi Uganda mkoa wetu ni upi? Na kama Central ni mkoa, mkuu wake ni nani? (Mwanafunzi wa S.3, Mukono)

JIBU: Mdogo wangu swali zuri sana, na jibu lake fupi ni kwamba Central haina mkuu. Leo Central, Eastern, Northern na Western ni majina ya kugawia takwimu na ya kuongelea tu, hazina ofisi, hazina baraza, hazina bajeti. Ngazi ya juu kabisa ya serikali ya mitaa kwetu ni wilaya, na wilaya inaongea moja kwa moja na serikali kuu.

Lakini haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa Waingereza kulikuwa na majimbo manne, Buganda, Mashariki, Magharibi na Kaskazini. Buganda ilikuwa na nafasi yake ya pekee kwa sababu ya Mkataba wa 1900 kati yake na Waingereza, ilijiendesha na mfalme wake Kabaka, baraza lake Lukiiko na machifu wake wa ssaza, yaani kaunti za Buganda. Tulivyopata uhuru 1962 ikapewa hadhi ya shirikisho. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote na Buganda ikakatwa wilaya nne, Mengo Magharibi, Mengo Mashariki, Masaka na Mubende. Shika hiyo Mengo Magharibi vizuri manake ndio mama wa Wakiso, baadaye iliitwa Mpigi, na mwaka 2000 Mpigi ikagawanywa ikazaliwa Wakiso. Hiyo wilaya yako ya Mukono nayo imetoka upande wa Mengo Mashariki.

Miaka ya 1970 Idi Amin alirudisha majimbo, kumi kwa jumla, kila moja na gavana wake, na wengi wao walikuwa wanajeshi. Alivyoanguka 1979 mfumo huo nao ukaisha. Falme zilirudishwa 1993 lakini bila mamlaka ya serikali. Alafu mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ikaruhusu wilaya kuungana kuunda serikali ya kanda, ila Mengo, yaani serikali ya Kabaka, haikuukubali ule mpango, walikuwa wanataka federo yenyewe, yaani shirikisho, basi ukabaki kwenye karatasi mpaka leo. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani andika kwamba Uganda imegawanywa wilaya 135 pamoja na jiji la Kampala, na mwaka 1986 zilikuwa 33 tu. Mtu ataniambia wilaya nyingi ni huduma karibu na wananchi, mimi naona wilaya nyingi ni ofisi nyingi zinazogawana pesa ile ile, lakini hayo usiyaandike kwenye mtihani, andika namba.

SWALI: Mimi ni mtu wa boda Nansana. Barabara ya kuingia kwetu imekufa, mvua ikinyesha hata pikipiki haipiti. Tumeenda kwa chemani wa LC1 akasema aongee na kaunsela, kaunsela akasema ni ya manispaa, manispaa wakasema kuna barabara zingine si zao. Na RDC alipita hapa akaahidi. Sasa nani ndio mwenye kazi? (Dereva boda, steji ya Nansana)

JIBU: Kaka pole, na hasira yako inaeleweka. Hapa nitaenda taratibu manake hii ngazi ya LC inachanganya hata watu wa ofisini.

LC, yaani Local Council, mabaraza ya mitaa, zilianza kama RC, Resistance Council, baada ya NRM kuingia madarakani 1986, na jina likabadilika na katiba ya 1995. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ndio inaziongoza. LC1 ni kijiji, LC2 ni parishi, ile Waganda wanaita muluka, LC3 ni gombolola, LC4 ni kaunti, LC5 ni wilaya. Mpaka hapo kila mtu anajua. Kitu ambacho hatuambiwi ni kwamba ngazi hizi hazilingani nguvu. Gombolola na wilaya ni serikali kamili, zinaweza kukusanya kodi, kupitisha bajeti, kushtaki na kushtakiwa. LC1 na LC2 si serikali, ni uongozi wa mtaa tu, kazi yao ni usalama, kusuluhisha, kutambua watu na kupeleka malalamiko juu. Chemani wako wa LC1 hana bajeti ya barabara hata akitaka, kwa hiyo msimuonee. Hao wenyewe walichaguliwa Julai 2018 kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na kabla ya hapo uchaguzi wa LC1 ulikuwa umefanyika 2001, miaka kumi na saba mtu amekaa na muhuri ule ule.

Mjini mambo yanabadilika kidogo. Nansana ni manispaa, iko kwenye nafasi ya LC4, na chini yake kuna divisheni nne, Nansana, Nabweru, Gombe na Busukuma, hizo ndio zinakaa nafasi ya LC3. Ukiangalia hiyo orodha utaona Nabweru iko ubavuni mwa jiji na Busukuma iko mbali kabisa mashambani, ni manispaa moja lakini moja inalia mitaro na nyingine inalia barabara ya kutolea mazao.

Sasa barabara. Hiyo lami kubwa ya Hoima inayokata Nansana ni ya taifa. Ilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, lakini UNRA ilivunjwa mwisho wa 2024 na kazi zake zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo shimo kwenye lami hiyo ukimlalamikia meya unamuonea, ni la wizara. Ukishachepuka kuingia ndani, barabara za maramu za mitaa ni za manispaa, kuna kiongozi wa siasa ambaye ni meya na kuna mkuu wa ofisi ambaye ni taun kleki. Huyu taun kleki ndio anaidhinisha matumizi, na chini yake yuko injinia wa manispaa. Barua yenu iende kwa taun kleki, nakala kwa injinia na kwa kaunsela wenu, wekeni jina la barabara, inaanzia wapi na inaishia wapi, sahihi za wakazi na muhuri wa LC1. Ifike kabla mwaka wa fedha mpya haujaanza Julai, manake bajeti inapangwa miezi kabla, ukipeleka malalamiko Agosti utaambiwa subiri mwaka ujao na hawatakuwa wamekudanganya.

RDC ni mtu mwingine kabisa. Yeye anateuliwa na Rais, anamwakilisha Rais wilayani, anasimamia mambo ya usalama na kufuatilia kama kazi za serikali zinafanyika. Mwenyekiti wa LC5 ndio mliempigia kura, na CAO ndio mkuu wa watumishi na mshika hesabu wa wilaya, nae toka marekebisho ya katiba ya 2005 anawekwa na serikali kuu. RDC anaweza kupiga kelele na kelele zake zinasaidia, lakini hana katapila. Mkimpata tena hapo steji muombeni aulize manispaa hiyo barabara imewekwa kwenye mpango wa mwaka gani, hilo swali lina nguvu kuliko ahadi.

SWALI: Huku kwetu karibu na kinamasi cha Lubigi maji yanaingia ndani kila mvua kubwa. Nimesikia mtu anasema ni kwa sababu ya maji ya ziwa kupanda. Ni kweli? (Msomaji, Busega)

JIBU: Hapana, na hii watu wengi wanaikosea kwa sababu ziwa liko karibu. Nchi ya Kampala na Wakiso ni vilima vyenye vichwa bapa, na kila bonde katikati yake ni kinamasi cha mafunjo. Lakini mabonde haya hayamwagi upande mmoja. Ya kusini yanaenda ziwani Victoria, mfano mtaro wa Nakivubo unaopita katikati ya mji unaishia kwenye ghuba ya Murchison kule Luzira na Ggaba. Lubigi yenyewe imelipa ziwa mgongo. Maji yake yanaenda kaskazini magharibi, yanaingia mto Mayanja, Mayanja inaenda Kafu, na Kafu inaingia Nile. Kwa hiyo ziwa lipande lishuke, maji ya Lubigi hayatoki huko.

Kinachowafurikisha ni kwamba sehemu kubwa ya mvua ya upande huo wa jiji inashuka kwenu, kutoka Kawempe, Makerere, Kasubi, Namungoona, na sasa vilima vyote hivyo vimejaa mabati na lami, maji hayanyweki ardhini tena yanateremka kwa mara moja. Na kinamasi kilichokuwa kinayapokea kimejazwa udongo, barabara ya Northern Bypass imepita ndani yake, nyumba zimejengwa, vitalu vya matofali, karakana. Juni 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, waliwabomolea watu wengi humo Lubigi, na iliuma kuona familia zimekaa nje na godoro. Najua wengi walinunua kwa pesa halali kutoka kwa mtu aliyewaonyesha karatasi yenye mihuri. Lakini sheria iko wazi, katiba inasema vinamasi vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, hakuna chemani anaeweza kukuuzia. Busega iko jiji na ng'ambo ya kinamasi ni Wakiso, kwa hiyo mtaro unaoanza kwa KCCA unaishia kwa manispaa ingine na kila mmoja anasafisha mpaka pale kwake panapoishia. Maji hayajui hiyo.

SWALI: Nataka kununua ploti Kakiri. Hati imeandikwa Busiro, mwenzangu amenunua upande wa Kasangati yake imeandikwa Kyadondo. Mbona hakuna iliyoandikwa Wakiso? Tunaibiwa? (Mwalimu, Arua)

JIBU: Mwalimu, hapo peke yake hamjaibiwa. Hati za ardhi za Buganda zinafuata ssaza, sio wilaya. Masaza ya Buganda ni 18, na Wakiso imekalia mawili, Busiro na Kyadondo. Busiro mkuu wake anaitwa Ssebwana na ni ssaza la heshima kubwa manake makaburi mengi ya Bakabaka wa zamani yako huko, Kyadondo mkuu wake ni Kaggo. Wilaya zimebadilika jina na mipaka mara ngapi toka Mengo Magharibi, lakini rejista ya mailo, yaani ule umiliki wa ardhi wa Buganda, ilianza na ule Mkataba wa 1900 na majina yake ya ssaza, bloku na ploti hayajaguswa. Kwa hiyo Kakiri kusoma Busiro ni sawa kabisa.

Ila angalia hapa. Kyadondo haikwambii kama uko jiji ama Wakiso, kwa sababu Kampala yenyewe imekaa ndani ya Kyadondo. Ntinda na Muyenga ziko jiji na hati zake zinasoma Kyadondo, Gayaza iko Wakiso nayo inasoma Kyadondo. Sehemu ya katikati ya mji ndio inasoma Kibuga. Mwenzako ahakikishe rejista yake iko ofisi gani ya ardhi, ya Kampala au ya Wakiso, hiyo ya Wakiso iko Wakiso mjini, barabara ya Hoima, kama kilomita 20 kutoka Kampala.

Alafu uliza swali kubwa kuliko la jina: unauziwa hati au kibanja? Kwenye mailo ardhi moja inaweza kuwa na watu wawili wenye haki, mwenye taito, ndio hiyo hati, na mwenye kibanja aliekaa juu yake, na wote wawili sheria inawatambua. Ukinunua taito bila kuangalia kibanja utakuta mzee ana kahawa yake na makaburi ya wazazi wake humo na huwezi kumuondoa kwa nguvu. Ukinunua kibanja, sheria ya ardhi ya 1998 inataka mwenye taito akubali kwa maandishi, kama hajakubali hiyo karatasi yenu ya LC1 na mashahidi kumi haitakusaidia mahakamani. Usimtumie pesa mtu kwa simu ukiwa Arua, mwalimu wangu nakuomba. Safiri, lala huko hata siku mbili, fanya utafutaji ofisi ya ardhi kwa namba ya bloku na ploti, tafuta mpimaji mwenye leseni afungue mipaka, ongea na majirani wa pande zote bila dalali kuwepo. Watu wa Wakiso wanauziwa ploti moja mara tatu na wanaolia zaidi ni walionunua kwa haraka kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

SWALI: Entebbe ni wilaya? (Msomaji, Busia)

JIBU: Hapana, ni manispaa ndani ya Wakiso, yenye divisheni A na B. Inaonekana kubwa kwa sababu ina ikulu na uwanja wa ndege, na ilikuwa makao ya serikali ya Waingereza. Ukienda huko ukifika maeneo ya Kisubi uko karibu na msitu wa Zika, ndio ule virusi vya Zika viligunduliwa 1947 na watafiti wa Entebbe.

SWALI: Takataka za Kampala kwanini zilikuwa zinaletwa kwetu Wakiso? Baada ya jalala la Kiteezi kuua watu, nani anawajibika? (Mkazi, Kasangati)

JIBU: Dada, Kiteezi inauma kila mtu anaefuatilia mambo ya jiji hili. Jalala lile lilifunguliwa 1996, liko ndani ya Wakiso lakini mmiliki na mwendeshaji ni jiji. Lilijaa, wataalamu wakasema limejaa, baraza likasema limejaa, na malori yakaendelea kupanda. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua mlima wa taka ukaporomoka ukafukia nyumba na watu na mifugo yao, zaidi ya watu 30 walikufa, wengine watoto. Mwezi uliofuata Rais akamuondoa mkurugenzi mkuu wa KCCA pamoja na naibu wake.

Kwanini kwenu? Kwa sababu kilomita 189 za mraba zimejaa, jiji halina nafasi yake ya kutupia. KCCA ilianzishwa kwa sheria ya 2010 na ikaanza kazi 2011, na sheria hiyo hiyo iliona mbali, ilisema kuwe na chombo cha kupanga eneo zima la Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi kwa pamoja. Wizara ya Kampala ina hilo neno la maeneo ya jirani kwenye jina lake, na sasa kuna mradi wa GKMA, yaani Kampala na maeneo yanayoizunguka, unaoleta barabara na mitaro kwenye manispaa zetu kwa pesa za Benki ya Dunia. Polisi ndio walishavuka mpaka kitambo, Polisi ya Kampala Metropolitan inafanya kazi mpaka Wakiso na Mukono. Lakini kwenye takataka kila mmoja bado ana lake. Na angalia jiji lilipoenda kutafuta ardhi nyingine, ni Buyala, huko Mpigi. Tena pembeni.

Wakazi wa Kiteezi hawampigii kura meya wa Kampala wala kaunsela yeyote wa jiji. Waliolala chini ya ule mlima hawakuwa na kiti kwenye meza iliyoamua malori yaende wapi, na kiongozi wao wa Wakiso hakuwa na ufunguo wa lile geti. Hapo ndio pabaya penyewe. Mimi msimamo wangu ni kwamba wilaya inayopokea taka za jiji lazima iwe na sauti ya kisheria ya kufunga geti siku jalala likijaa, sio kuandika barua ya kuomba. Mnaoishi karibu na pale, kwa kuwa gesi na maji machafu bado yanatoka kwenye ule mlima, msichote maji ya chemchemi za bondeni hata kama yanaonekana meupe.

SWALI: Pesa za PDM, huu mpango wa serikali wa mikopo ya parishi, zinakuja shilingi milioni 100 kwa kila parishi. Parishi yetu Kira ina watu kama mji mzima, ya shangazi yangu kijijini ina watu wachache, wote tunapata sawa. Hiyo ni haki? Na mimi mpangaji naruhusiwa? (Mama wa kuku, Kira)

JIBU: Hapana mama, si haki, na nasema bila kuzunguka. PDM ilizinduliwa Februari 2022, kila parishi inapata milioni 100 kwa mwaka na mtu mmoja kwa kaya anaweza kukopa mpaka milioni moja. Kwa hesabu hiyo parishi moja inahudumia kaya 100 kwa mwaka. Parishi ya kijijini miaka michache wote wamefikiwa. Kwenu Kira, pamoja na Namugongo na Bweyogerere, wapangaji wamejaa kila nyumba na parishi moja ina kaya maelfu, foleni haitaisha hata watoto wako wakikua. Mipaka ya parishi nyingi za Wakiso ilichorwa wakati huko ni mashamba ya kahawa na matoke, watu wakaja mipaka ikabaki. Hilo hilo linatukuta kwenye dawa za vituo vya afya na walimu wa shule za serikali, mgao unafuata idadi ya vituo na shule, na sisi tuna vituo vichache na watu wengi.

Mpangaji anaruhusiwa, mradi uwe mkazi wa hiyo parishi na uwe kwenye kikundi cha biashara kilichoandikishwa. Kuku wanakubalika, mradi wenyewe umetaja mayai na kuku kwenye orodha ya kazi zake. Nenda kwa chifu wa parishi, sio chemani wa LC1, yeye ndio katibu wa mambo ya PDM hapo. Beba kitambulisho cha taifa na barua ya LC1 ya ukazi, uliza vikundi vya wafuga kuku vilivyopo kabla ya kuunda kipya, na hakikisha jina lako na la kaya yako yameingia kwenye mfumo wao siku hiyo hiyo ukiwa umesimama hapo. Mtu akikuomba hela ya kukuwekea jina mbele usitoe, chukua jina lake na umpeleke kwa ofisi ya RDC, hiyo ni moja ya kazi ambazo RDC anaziweza vizuri.